Mkanda Uliokosa Ofisi

Nyuma ya mlango wa jikoni kwangu, hapa Bukavu, kuna mkanda wa mashine ya kusaga. Ni wa mpira mweusi, mpana kama kiganja, nimeukunja mara tatu nikautundika kwenye msumari. Wajukuu wangu wanaukwepa, wanadhani ni wa kuwachapia. Hapana. Ule mkanda ni mali ya serikali. Serikali ipi, hilo ndilo sijui, na ndiyo sababu nimekaa leo kuwaandikia ninyi vijana mlioajiriwa juzi kuwa wakaguzi wa kazi. Mimi nimestaafu. Akili zangu bado ni nzima, ila kwa jambo hili zimevurugika, na sioni aibu kulisema.

Kazi yetu mnaijua, au mnafikiri mnaijua. Unaingia mahali watu wanapofanya kazi, kiwandani, kwenye karakana, kwenye mashine za kupasua mbao, na unaangalia kama hao watu watarudi nyumbani jioni na miili yao mizima. Mengine yote ni karatasi. Nilifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini, na aliyenifundisha ni Papa Cirhuza, mzee mfupi, mkali, mwenye koti moja la kahawia ambalo nadhani alizaliwa nalo.

Siku yangu ya kwanza nilivaa vizuri, kitenge kipya kimeshuka mpaka kwenye vidole vya miguu, ili waone mkaguzi mwanamke naye ni mtu wa heshima. Tukaingia kwenye mashine ya mbao. Nikasogea karibu na msumeno kusoma kibao cha kiwanda kilichoutengeneza. Papa Cirhuza alinivuta kwa nyuma, kwa nguvu, hata daftari langu likaanguka kwenye vumbi la mbao. Wafanyakazi wote wakacheka. Mimi nilikuja kuwakagua, na mtu wa hatari kuliko wote mle ndani nilikuwa mimi na kitenge changu. Tangu siku ile kazini nilivaa sketi fupi ya kaki, na mama mkwe wangu alisema mengi.

Papa Cirhuza hakupenda kuandika. Alipenda kusema njiani, tukipanda milima yetu hii, yeye mbele, mimi nyuma nahema.

“Maman, usianzake ku bureau ya patron,” aliniambia, yaani ofisi ya mwenye kiwanda. “Patron atakupatia kiti na Fanta, na utasahau kile kilikuleta. Anzia ku choo. Choo haisemake bongo.”

Na kweli, choo hakisemi uongo: cha wafanyakazi kikiwa kichafu na hakina maji, usipoteze muda wako kuuliza kama glavu zipo.

Jambo la pili ni kusalimia. Salimieni kila mtu kwa mkono, hata anayefagia. Mnajua sisi huku, mtu mwenye mkono mchafu anakupa kifundo cha mkono ili asikuchafue. Ukipewa kifundo, usiachilie haraka. Kigeuze kidogo, kwa upole, kama unaendelea na salamu, uone kiganja. Hapo utaona moto ulivyomchoma jana, saruji ilivyompasua, ukucha uliong'oka. Nimegundua makosa mengi zaidi kwa salamu kuliko kwa kusoma vitabu vyao.

Sasa nije kwenye kuvurugika kwangu.

Zamani mamlaka yalikuwa mbali, lakini tulijua yalipo. Yalikuwa mji mkuu. Ukitaka mashine isimamishwe, unaandika barua, inapanda ndege, unangoja. Kisha tukaitwa kwenye ukumbi, tukapewa kalamu na maji ya chupa, na bwana mmoja mwenye fimbo ya kuonyeshea ukutani akatueleza kwamba mamlaka sasa yanashuka. Jimbo litapata sehemu yake. Komine, serikali ya hapa mtaani, itapata sehemu yake. Taifa litabaki na sehemu yake. Alichora mishale inayoshuka, mizuri sana. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilisema moyoni, hatimaye mtu wa kuamua atakuwa hapa hapa, naweza kwenda kumgongea mlango kwa miguu yangu.

Nikainua mkono. “Nikikuta mashine inataka kula muntu, nani anatia signature ili isimame?”

Yule bwana akatabasamu. “Maman, ile question iko muzuri sana. Tutairudilia.”

Mpaka leo hawajairudilia.

Jumatatu moja tulifika kazini tukakuta kibao cha mlangoni kimepakwa rangi mpya. Meza zilikuwa zile zile, na kiti changu kilikuwa na miguu yake ile ile mitatu na tofali. Wenzangu wengine waliambiwa wamekuwa watu wa jimbo, wengine wamebaki watu wa taifa. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Niliuliza, nikaambiwa dossier yangu, yaani faili langu, inatafutwa. Kwa hiyo kwenye droo yangu kulikuwa na mihuri miwili, wa zamani na mpya, na kila asubuhi nilikuwa sijui mimi ni nani. Nacheka sasa. Wakati ule sikucheka.

Ni katika hali hiyo nilipanda kwenye mashine ya kusaga ya Papa Mushagalusa, nyuma ya soko.

Papa Mushagalusa si mtu mbaya, naomba mlielewe hilo tangu mwanzo. Ni mzee wa kanisa, anasaga mihogo ya mtaa mzima, na mjane akikosa cha kulipa anamsagia. Mashine yake ilikuwa ndani ya chumba cha mabati, chembamba. Mota upande huu, kinu upande ule, na kati yao unakimbia mkanda, ule mnaousikia unapiga pa-pa-pa-pa. Mkanda ulikuwa wazi kabisa, bila kifuniko. Na kwa sababu chumba ni chembamba, aliyetaka kupita upande wa pili aliuruka. Aliinua kitenge kidogo, akauruka, huku unakimbia.

Aliyeuruka kutwa nzima alikuwa Zawadi, msichana wa miaka ishirini hivi, ndiye aliyekuwa anamimina mihogo mikavu kwenye kinu. Alinikaribisha kwa furaha, mweupe pe kwa unga mpaka kwenye kope. Akanipa kifundo. Nikakigeuza. Kiganja kilikuwa kinang'aa, kimelainika, na kilinukia sabuni ya kufulia.

“Unafua nguo huku?” nikamuuliza.

“Apana, Maman. Njo ya mukaba.”

Akanionyesha mkanda. Wakati wa mvua unga unakuwa na unyevu, mkanda unateleza, kinu kinapoteza nguvu. Basi Zawadi anachukua kipande cha sabuni, anainama, na anakipaka juu ya mkanda kwa mkono wake huku mkanda unakimbia. Sabuni ikipata moto inanata, mkanda unashika, kinu kinanguruma tena. Alifanya hivyo mbele yangu akitabasamu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Kisha nikaona upindo wa kitenge chake, umeliwa kipande cha urefu wa mkono.

“Na hii?”

“Ah, ule ulinivuta kidogo wiki iliisha. Nikavuta na miye.” Akacheka. “Mimi njo nilishinda.”

Nikamtafuta Papa Mushagalusa. Akasema kifuniko kilikuwepo, alikitoa yeye mwenyewe, kwa sababu kikiwepo huwezi kupaka sabuni. Nikamwambia asimamishe mashine siku hiyo hiyo. Alikuna kichwa, akaniuliza kwa adabu kabisa:

“Maman Inspecteur, nitasimamisha. Lakini unionyeshe karatasi. Iko ya nani, ya taifa, ya province, ao ya commune? Juu juzi wa commune walipita hapa, wakasema byote sasa ni byao.”

Hilo lilikuwa swali halali. Mkaguzi anaandika ripoti, lakini amri ya kusimamisha lazima itiwe sahihi na mkubwa. Nikashuka mlima kutafuta mkubwa.

Ofisi ya taifa, mkubwa alisoma ripoti yangu mara mbili, akaisifia maandishi. “Maman, hii ilishuka ku province. Nikitia signature, nitakuwa nimeiba kazi ya bengine.”

Ofisi ya jimbo walinikaribisha vizuri. “Mashine ndogo ndogo za mutaa? Ile iko ya commune. Sisi tuko na zile kubwa.” Nikauliza kubwa inaanzia wapi. Wakatazamana.

Komine, bwana alikuwa mkarimu kuliko wote, akanifutia kiti. “Sisi tunapatiaka patron ruhusa ya kufungua. Kufunga, juu ya mambo ya mukono na mashine, ile njo kazi ya inspection. Si weye njo inspection?”

“Ni miye.”

“Basi!” akasema, amefurahi kwamba tumeelewana.

Nilikaa kwenye ngazi za nje nikiwa na ripoti mapajani. Niliisoma upya, nikidhani pengine nimeandika jambo lisiloeleweka. Lilieleweka. Nilizunguka hivyo siku ya pili, na ya tatu, na kila siku mvua ilinyesha, na kila tone lililopiga bati nilijua huko juu Zawadi ameinama na sabuni yake. Usingizi ulikuwa mbali nami. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyenikatalia. Wote walikubali kwamba mashine ile ni hatari.

Hapa niwarudishe nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa nilichofanya siku ya nne.

Ule msumeno nilioutaja, uliotaka kula kitenge changu, Papa Cirhuza aliandika barua mji mkuu kuomba usimamishwe. Tukangoja. Aliyefanya kazi pale aliitwa Papa Ntambuka, mtu mpole, kila nikipita ananisalimia kwa kunipa kifundo. Tulingoja, tukaandika barua ya pili ya kukumbusha ya kwanza. Papa Cirhuza aliniambia, tufuate utaratibu, utaratibu ndio unaotutofautisha na watu wanaofunga mashine za watu kwa chuki. Alikuwa na haki kusema hivyo. Kisha msumeno ukachukua mkono wa kuume wa Papa Ntambuka. Ruhusa ilifika baadaye, imepigwa chapa vizuri, ina mihuri yote. Papa Cirhuza aliisoma amesimama, akaiweka kwenye droo, akaniambia twende tukamwone mgonjwa. Papa Ntambuka alituona tukifika mlangoni pake, akanyoosha mkono kunisalimia kama kawaida, kisha akakumbuka. Na mimi nilikuwa tayari nimenyoosha wangu. Huo ndio ushamba wangu mkubwa kuliko ule wa kitenge, na huo sijawahi kuusamehe.

Basi siku ya nne nilipanda kwa Papa Mushagalusa saa sita mchana. Saa sita mota inazimwa ipoe, na Zawadi anatoka kwenda kununua ndizi. Papa Mushagalusa alikuwa kanisani kwenye kikao. Mlango wa mabati haufungwi, kuna kamba tu. Niliingia, nikalegeza skrubu za mota kwa kisu cha jikoni, nikauvua mkanda. Jasho lilinitoka. Umri wangu ule, mtumishi wa serikali, naiba mkanda.

Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na haukuingia kwenye mkoba. Nikaukunja, nikauvingirisha kwenye kitenge changu cha kujifunika, nikaubeba mgongoni kama mtoto, nikafunga fundo kifuani. Nikashuka mlima hivyo. Mama mmoja aliyekuwa anapanda na beseni la nyanya akasimama.

“Pongezi, Koko! Mujukuu iko na miezi ngapi?”

“Tatu,” nikamjibu, na nikaendelea.

Nilikuwa nimeacha karatasi juu ya kinu: mkanda ninao mimi, utarudi siku kifuniko kitakaporudi. Nilitia sahihi. Kuhusu muhuri, nilifikiri sana, nikapiga yote miwili.

Msifikiri watu walinishangilia. Kesho yake nilipopita sokoni, wanawake waliokuwa na mihogo yao kwenye foleni walinizunguka. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto ubavuni, akanisemea usoni, “Weye uko na bunga ku nyumba yako? Batoto bangu balale na nini?” Kwangu unga ulikuwepo. Zawadi naye alikuwa kati yao, amenuna, amekosa kazi, na hakunisalimia hata kwa kifundo. Nilirudi nyumbani nikalia, nawaambieni kweli. Nilimwokoa mtu asiyetaka kuokolewa, na nikawalaza watoto na njaa, na sheria haikuwa upande wangu. Papa Cirhuza alikuwa amekwishakufa, hakukuwa na wa kuuliza.

Papa Mushagalusa alikuja kwangu akiwa amefura. Alipiga kelele mlangoni mpaka majirani wakatoka. Nikamwacha amalize, nikamletea chai, nikamchorea kwenye daftari. Kifuniko kinaweza kukatwa kutoka kwenye pipa la zamani. Juu uache kijitundu, na kwenye hicho kijitundu unapitisha kijiti cha mti chenye sabuni kwenye ncha. Kijiti kikivutwa, acha kiende. Alifuatisha mchoro kwa kidole.

“Ile tu?” akasema. “Kijiti?”

“Ile tu.”

“Sa juu ya nini haukunichorea siku ya kwanza?”

Vijana wangu, hilo swali ndilo linaloniuma mpaka leo. Siku ya kwanza nilikimbilia sahihi. Siku tatu nzima nilitafuta mwenye mamlaka, na kalamu nilikuwa nayo mfukoni. Andikeni ripoti zenu, ndiyo, lakini kwanza chukueni daftari mkae na patron mumchoree.

Fundi wa kuchomelea alimaliza kifuniko kwa siku mbili. Nilikwenda kukikagua, kilikuwa imara. Nikarudi nyumbani kuuchukua mkanda niurudishe, na hapo ndipo mambo yalipovurugika kabisa, kwa sababu mlangoni kwangu nilikuta barua tatu.

Ofisi ya taifa iliniandikia kwamba nimetwaa mkanda bila idhini, wakati kutwaa vitu ni mamlaka ya taifa. Niulete kwao kama kielelezo. Jimbo liliandika kwamba nimeingilia mamlaka ya jimbo, niulete kwao. Komine iliandika kwa heshima nyingi kwamba mashine ya mtaa ni ya komine, na mkanda wake pia. Watu wale wale! Juma moja nyuma nilikuwa napiga magoti kwao, hakuna aliyetaka. Sasa wote walitaka, na barua zote zilinionya kwamba nikiukabidhi kwa mwingine nitaadhibiwa.

Tuliitwa kikao, ofisi zote tatu kwenye meza moja, na mimi mwishoni mwa meza na mkanda mapajani. Walibishana asubuhi nzima. Yule bwana wa komine alinukuu kifungu, wa jimbo akanukuu kifungu, wa taifa akanukuu vyote viwili. Mwishowe waliandika kwamba suala linapelekwa mbele kwa ufafanuzi, na kwamba mkanda ubaki mikononi mwa mkaguzi mpaka ufafanuzi ufike. Papa Mushagalusa alichoka kungoja, akanunua mwingine uliotumika, kule Kavumu. Mimi nilipata karipio la maandishi, na baadaye nikastaafu, bado sijui nilistaafu kutoka ofisi ipi.

Mnaniuliza kama nilifanya vizuri. Sijui. Nikisema ndiyo, kesho mmoja wenu ataondoa mkanda wa mtu asiyempenda na kusema Maman alitufundisha. Nikisema hapana, namwona Papa Ntambuka mlangoni pake. Nimefikiri upande huu na upande ule mpaka kichwa kinauma. Zawadi mwenyewe anasema hakuna kitu ambacho kingetokea. Na anaweza kuwa na haki, kwa sababu hakikutokea.

Ndiyo, tumepatana. Siku za Jumapili akitoka misa anapita kwangu kunisuka hizi mvi zangu. Nakaa kwenye kigoda, yeye nyuma kwenye kiti, na mlango wa jikoni uko wazi. Jumapili iliyopita aliutazama ule mkanda msumarini, akaguna.

“Siku tano bila kazi, Maman. Sitakusahaulia.”

“Ninajua.”

“Na sasa unauchunga juu ya nani?”

“Ninangojea benye bako na haki nawo.”

“Banani?”

“Sijue, mutoto wangu.”

Akacheka, akanisukuma utosi taratibu. “Inama kichwa.”

Nikainama. Vidole vyake viliingia kwenye nywele zangu, vikagawa, vikavuta, vikakaza. Mimi nilifumba macho nikavihesabu, kama ninavyofanya kila Jumapili, mkono wa kuume kwanza, kisha wa kushoto, mpaka kumi.